Mkono wa Kulia wa Royce Bohling

Leland Zeman alikuwa mtu wa hasira hata kabla hajapata sababu. Alikasirikia kahawa ya vituo vya mafuta, alikasirikia magodoro ya hoteli, alikasirikia makocha ambao kila mchezaji wao ni lulu. Mkewe Ardis alikuwa akisema kwamba mumewe aliisahau furaha kwenye bucha ya baba yake siku alipoondoka kwenda chuo, na tangu hapo hakupita tena kuichukua. Lakini mwaka huu ninaousimulia sababu alikuwa nayo, na kwa bahati mbaya sababu yenyewe ilikuwa yeye.

Kazi yake ilikuwa uskauti. Kwa miaka ishirini na saba aliitumikia klabu moja ya mpira wa kulipwa, ule wetu wa Kimarekani wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, akizunguka vyuo vya Nebraska, Iowa na Dakota zote mbili kutazama vijana walio mwaka wa mwisho. Kila Aprili klabu zote hukaa siku tatu na kuchagua wachezaji kwa zamu, raundi saba. Kijana asiyetajwa katika raundi hizo huwa kama nyanya zilizobaki sokoni jioni: atachukuliwa na yeyote, kwa masharti ya mchukuaji, na atatupwa asubuhi yoyote. Leland alizijua nyuso za waliobaki. Alikuwa akikutana nao miaka mingi baadaye wakiuza matairi.

Alichokijua kuliko vyote ni wakingaji wa pembeni. Hii ni nafasi ambayo watu hawaitazami. Mrushaji wa mpira anaangalia mbele, anatafuta wa kumrushia, na upande asiouona linamjia jitu la kilo mia na ishirini likitaka kumvunja mbavu. Kati yao amesimama mkingaji wa pembeni, peke yake, anarudi kinyumenyume na mikono mbele. Akifanya kazi yake vizuri hakuna anayemtaja. Akikosea mara moja, mrushaji analala chali na uwanja mzima unajua jina la mkosaji. Leland mwenyewe aliicheza nafasi hiyo katika chuo kidogo mpaka goti lilipogoma, na nadhani ndiyo iliyompa tabia yake: alikuwa mtu aliyezoea kukumbukwa kwa makosa.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kila mchezo aliutazama mara tatu kwenye televisheni ya sebuleni, akiwa na kipande cha boksi alichokibandika kwa gundi ya karatasi. Mara ya kwanza alifunika nusu ya juu ya kioo, akabaki na miguu tu. Mara ya pili alifunika nusu ya chini, akabaki na mikono. Mara ya tatu aliondoa boksi. Vijana wa ofisini, wale wa kompyuta, walikuwa wakimuuliza kama wamnunulie televisheni nzima, maana inaonekana yake ni nusu. Lakini Leland alikuwa ameipatia klabu wakingaji sita walioanza kucheza mwaka wao wa kwanza, na hakuna hata mmoja aliyepatikana kwa kompyuta.

Royce Bohling alimwona Septemba, kwenye chuo kidogo ambacho uwanja wake umepakana na shamba la mahindi. Futi sita na inchi sita, kilo mia na arobaini na mbili, mtoto wa wakulima, na alikuwa anarudi nyuma kama mtu aliyebeba ndoo ya maziwa iliyojaa pomoni asiyetaka limwagike tone. Leland alikwenda kumtazama mara nne, jambo ambalo hakumfanyia mtu tangu alipoanza kuota mvi. Kwenye ripoti yake aliandika kwamba huyu ni wa raundi ya tatu, mkingaji wa pembeni kwa miaka kumi, na kwamba yeye Leland anaweka jina lake rehani. Klabu ilihitaji mkingaji wa pembeni kama mgonjwa anavyohitaji dawa. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri, na Leland hakuwa amezoea hali hiyo.

Kisha ukaja Machi na siku ya vipimo. Vijana wa vyuo vidogo vya upande ule hukusanywa kwenye chuo kikuu kimoja, wanapimwa urefu, uzito, kiganja na mkono. Mkono hupimwa kuanzia mfupa wa bega mpaka ncha ya kidole cha kati. Skauti mmoja anashika utepe na kusoma namba kwa sauti, wengine wote wanaandika. Hakuna anayerudia. Aliyeshika utepe akishasema, imesemwa. Siku ile skauti walikuwa kumi na wanane, na kwa kuwa Leland ndiye aliyewazidi umri, utepe alikuwa nao yeye.

Lazima niwaambie habari ya inchi thelathini na tatu. Mkingaji wa pembeni ambaye mkono wake haufiki inchi thelathini na tatu si mkingaji wa pembeni. Kadi yenye jina lake kwenye ukuta wa ofisi huhamishiwa kwa wakingaji wa ndani, na kama ni mrefu kama Royce, huko ndani nako hawamtaki. Sheria hiyo haijaandikwa popote na wote wanaitii. Leland mwenyewe alikuwa ameitii miaka ishirini na saba, na tusimtetee.

Desturi ya kundi lile ilikuwa kupima mkono wa kushoto. Siku ile mtu alikuwa ameegemeza rafu ya vyuma vya mazoezi upande wa kushoto wa ukuta, na kuisogeza kungehitaji watu wanne na dakika kumi. Leland alikuwa na mgongo unaouma na safari ya saa tano mbele yake. Akasema, basi, wote leteni wa kulia, mikono yote ya mtu ni ndugu. Wakacheka. Royce alipofika ukutani akavua shati, akanyoosha mkono wa kulia. Leland akaweka utepe, akautazama, akautazama tena.

"Thelathini na mbili na robo," akasema.

Kalamu kumi na saba zikaandika. Harlan Boggs, skauti wa klabu iliyokuwa hasimu wao mkubwa, mtu mnene mwenye utani usioisha, akamsogelea sikioni. "Pole sana, mzee. Kijana wako ana mikono ya fundi saa."

Leland aliendesha gari saa tano bila kuwasha redio. Alimkasirikia kijana kwa kuwa na mikono mifupi, kana kwamba ni jambo ambalo Royce alilipanga. Baada ya siku mbili kadi ya Royce Bohling iliondolewa kwenye safu ya wakingaji wa pembeni kule ofisini, ikawekwa chini kabisa ya safu ya ndani, na hakuna aliyemwuliza Leland kitu.

Alikaa na jambo hilo wiki mbili. Kisha asubuhi moja ya Aprili mwanzoni akachukua boksi lake, akafunika nusu ya chini ya kioo, akaanza kutazama mikono ya Royce upya. Mchezo wa kwanza, mkono wa kushoto wa kijana ulikuwa unamfika adui kifuani kabla wa adui haujamfika yeye. Mchezo wa pili, vilevile. Akatafuta majina ya wale maadui, akatafuta vipimo vyao. Mmoja alikuwa na mkono wa inchi thelathini na tatu na robo. Mwenye mkono mfupi alikuwa anamwahi mwenye mkono mrefu, mara kumi na moja katika mchezo mmoja.

"Unamfokea nani?" Ardis aliuliza kutoka jikoni.

"Televisheni."

"Imekukosea nini?"

"Inasema kweli," Leland akasema, akachukua ufunguo wa gari.

Shamba la akina Bohling liko mwendo wa saa tatu. Royce alikuwa amemaliza masomo na anafanya mazoezi ghalani kwa kunyanyua magurudumu ya trekta. Mama yake, Joleen, aliwakaribisha jikoni, akaweka mezani mabakuli ya maharage na nyama pamoja na mikate ya mdalasini, na hakuuliza mgeni amekuja kwa nini mpaka alipohakikisha amekula. Leland alikula haraka kwa adabu tu. Halafu akamsimamisha Royce kwenye ukuta kando ya friji.

"Nyoosha wa kushoto."

Royce akanyoosha. Leland akapima, akafuta miwani, akapima tena. Inchi thelathini na tatu na nusu.

"Sasa wa kulia. Unyooshe."

"Nimeunyoosha."

"Nimesema unyooshe, kijana."

"Mzee, hapo ndipo unapoishia."

Leland akausogelea mkono. Kiwiko kilikuwa kimepinda kidogo, kama mpini wa jembe uliolala mvuani. Kwa mbali usingekiona. Yeye alikuwa amesimama karibu yake na utepe mkononi, mbele ya watu kumi na saba, na hakukiona.

"Lini?" akauliza.

"Nilikuwa na miaka kumi. Nilianguka kutoka juu ya lori la mahindi."

"Nani aliyekufunga mkono?"

"Daktari wa mjini. Alikuwa anatibu na ng'ombe."

"Hakuwa anatibu ng'ombe," mama akasema. "Aliyekuwa anatibu ng'ombe ni kaka yake."

"Basi mlikwenda kwa kaka, mama," Leland akasema. "Kwa nini hukusema siku ile, kijana?"

"Ulisema leteni wa kulia. Nikaleta wa kulia."

"Ungeniambia una mwingine ulio mrefu zaidi."

"Nilidhani unajua kwamba watu wana miwili."

Joleen akainamia bakuli lake asionekane anacheka. Leland uso ulimwiva. Alikuwa hajawahi kumwomba mchezaji msamaha, na hata siku hiyo neno lenyewe halikutoka. Alichosema ni kwamba rafu ilikuwa nzito.

"Rafu gani?" Royce akauliza.

Ikabidi amweleze. Alieleza habari ya ukuta, mgongo, safari, na ile sheria ya inchi thelathini na tatu, na jinsi kadi yake ilivyohamishwa. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia kama mtu anayevua nguo mbele za watu. Royce alisikiliza huku anakisugua kile kiwiko.

"Madaktari wa chuo wanakijua?" Leland akauliza.

"Hawakuuliza. Nilikuwa nabeba vyuma kama wenzangu."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Si maradhi, mzee. Ni mkono."

"Sikiliza. Nisipoandika, una mkono mfupi. Nikiandika, una mkono mbovu. Madaktari wa klabu watakupiga picha mpaka mifupa ione haya, na wengine watakufuta kwa hofu tu."

"Basi usiandike," mama akasema. "Bwana Zeman, mwanangu amecheza miaka minne na kiwiko hicho na hakuna aliyepita upande wake. Kwa nini umletee matatizo?"

"Mama, ngoja kwanza." Royce alikuwa amekaa, na sauti yake haikupanda, lakini shingo ilikuwa imekuwa nyekundu. "Siku ile mlikuwa wangapi?"

"Kumi na wanane, pamoja na mimi."

"Uliposema ile namba, wote waliandika. Yule mnene alikuwa anakula, akaweka mkate chini akaandika. Sasa waambie wote. Mkono na kiwiko, vyote viwili. Wakinikataa kwa kitu cha kweli sitalalamika. Lakini sitakwenda kuuza mbegu za mahindi maisha yangu yote kwa sababu ya rafu yako."

"Nitawaambia," Leland akasema.

Alikwenda kwanza ofisini, kwa sababu ndiyo njia. Mkurugenzi wa maskauti alikuwa Preston Gaines, kijana wa miaka thelathini na sita, mpole, asiyepandisha sauti kamwe, jambo lililomkera Leland kuliko matusi. Chumba chake kilikuwa na ukuta mzima wa kadi za sumaku, kila kadi mchezaji mmoja. Vijana wawili wa kompyuta walikuwa wamekaa pembeni. Leland akasimama mbele yao akasema yote kwa mkupuo: nilipima mkono usiotakiwa, sikutaka kusogeza rafu, namba niliyoisoma si yake, kiwiko cha kulia kimepinda, mkono wa kushoto ni thelathini na tatu na nusu. Alikuwa amejiandaa kufokewa. Alikuwa hata na majibu.

Gaines akatabasamu. "Nani mwingine anajua?"

"Mama yake."

"Namaanisha klabu nyingine."

"Bado hakuna."

"Vizuri sana." Gaines akainuka, akaitoa kadi ya Royce chini kabisa ya safu, na badala ya kuirudisha kwa wakingaji wa pembeni akaitia kwenye mfuko wa shati lake. "Wote wana thelathini na mbili na robo. Hakuna atakayemgusa. Tunanyamaza raundi zote saba, zikiisha tunampigia simu. Mkingaji wa raundi ya tatu, bila kutumia raundi yoyote. Leland, katika miaka yako yote hapa, hili ndilo kosa zuri kuliko yote."

Wale wawili wa kompyuta wakacheka.

"Nimemwahidi kijana," Leland akasema.

"Umemwahidi nini?"

"Kwamba nitawaambia wote walioisikia ile namba."

"Mzee wangu, taarifa ni mali ya klabu. Hata petroli iliyokupeleka shambani kwao ni ya klabu."

"Na kiwiko kikileta shida kwenye mazoezi?"

"Tunamwacha aende. Hatujapoteza kitu."

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na Gaines alikuwa ameivuta yote. Leland alitoka mpaka kwenye maegesho, akalipiga teke tairi la gari lake mwenyewe, akaumia kidole gumba. Neno lililokuwa linamchoma ni lile, hatujapoteza kitu. Kijana atachukuliwa bure kwa sababu ya uzembe wa mtu mwingine, atatupwa bure kwa sababu hakugharimu, na huko atakakotupwa ataambiwa mikono yake ni mifupi. Na mlangoni pa mpango huo wote palikuwa na sauti ya Leland Zeman ikisema thelathini na mbili na robo.

Ningependa kuwaambia kwamba alipiga simu palepale. Hakupiga. Alirudi nyumbani na akakaa siku tisa. Alibakiza miaka miwili astaafu, na alikuwa anaujua vizuri ule mlango wa kutokea, maana aliwaona wenzake wengi wakipitishwa hapo. Katika siku hizo tisa aligombana na jirani kuhusu majani, akagombana na fundi bomba, akairudisha supu ya Ardis jikoni kwa kusema ina chumvi.

Ardis akaja na bakuli akaliweka tena mbele yake. "Una hasira na Gaines," akasema, "au una hasira kwa sababu Gaines amekupa ruhusa ya kunyamaza na wewe umeipokea?"

"Sijaipokea."

"Leo siku ya ngapi?"

Leland akashika kijiko. Akala supu yote, na kwa kweli haikuwa na chumvi nyingi. Kisha akachukua karatasi, akaandika majina kumi na saba kwa kalamu ya risasi, akavuta simu karibu. Ilikuwa saa nane mchana.

Kwa kila mmoja alisema maneno yaleyale. "Ni Zeman. Machi nilisoma namba ya Royce Bohling vibaya. Ule ulikuwa mkono wa kulia na kiwiko chake hakinyooki, alivunjika akiwa mtoto. Wa kushoto ni thelathini na tatu na nusu. Sahihisha."

Tatizo ni kwamba Aprili ni mwezi wetu wa uongo. Kila klabu inasambaza habari za kuwapoteza wenzake: inamsifia isiyemtaka, inamponda inayemtaka. Skauti anayekupigia simu Aprili kukupa habari ya kweli ni sawa na mwizi anayebisha hodi. Mmoja alimshukuru kwa sauti ya mtu asiyeamini hata neno moja. Mwingine akamwuliza kama amelewa saa nane mchana. Wa tatu akakata simu. Wanne walisema wataandika, na Leland aliwajua vya kutosha kujua kwamba hawakuandika. Kila simu ilimwongezea hasira, na sasa hasira haikuwa na pa kwenda, maana hawa hawakuwa na kosa. Yeye mwenyewe angekata.

Harlan Boggs alikuwa wa mwisho, kwa sababu ndiye ambaye Leland hakutaka kabisa kumpigia. Klabu zao hukutana mara mbili kila mwaka na haziachiani hata salamu.

"Mzee," Boggs akasema, "Aprili hata mama mzazi simwamini. Leo nikuamini wewe?"

"Nenda kapime mwenyewe."

"Ili nipoteze siku nzima na wewe upate nafasi ya kunichekea."

"Uliwahi kuniona nikicheka, Harlan?"

Boggs akafikiri. "Hilo ni kweli." Kisha utani ukamtoka. "Nikuulize kitu. Umeshika utepe miaka mingi kuliko sisi wote. Umewahi kupiga simu ya kusahihisha?"

"Hapana."

"Na umewahi kukosea?"

Leland alitazama ile karatasi ya majina kumi na saba. Aliwaza mikono mingapi aliisoma kwa haraka kwa sababu ya njaa, baridi, safari, au kwa sababu sura ya kijana haikumpendeza. Hakuna aliyekuwa akirudia. Akishasema, imesemwa.

"Nenda kapime," akasema tena, akaweka simu chini.

Siku ya tatu ya uchaguzi ilikuwa Jumamosi. Maskauti wote waliitwa makao makuu. Chumba kilikuwa na meza ndefu, simu, sandwichi chini ya karatasi ya nailoni, na televisheni inayosoma kila jina linalochaguliwa. Katika raundi tatu za mwanzo Gaines alikuwa amechukua mkimbiaji, mdakaji na mlinzi wa nyuma. Kocha mkuu alimwuliza mara mbili habari ya mkingaji wa pembeni, na mara mbili Gaines alijigonga mfuko wa shati na kumwambia atulie, jambo limekwisha. Leland alikaa mwisho wa meza. Hakugusa sandwichi.

Hakuna klabu iliyomtaja Royce siku ya kwanza, wala ya pili. Raundi ya nne ikaanza. Majina kumi yakapita, kumi na tano, kumi na nane. Leland alianza kuamini kwamba ule mwezi wa uongo umemshinda, na kwamba jioni Gaines atampigia simu yule mama jikoni kwake na kumpa habari njema. Ikafika zamu ya klabu ya Boggs, na baada yao zamu ya klabu ya Leland. Mtangazaji akasoma. Royce Bohling, mkingaji wa pembeni.

Alisema wa pembeni. Si wa ndani.

Gaines akaweka mkono mfukoni, kama mtu anayehakikisha pochi bado ipo. Kadi ilikuwepo.

"Wamejuaje?" akauliza. Akatazama meza nzima. "Nimeuliza, wamejuaje?"

"Niliwaambia," Leland akasema.

Chumba kizima kikamgeukia.

"Niliwaambia wao na wengine wote. Simu kumi na saba, kutoka jikoni kwangu. Boggs ndiye pekee aliyekwenda kupima."

Kwa mara ya kwanza katika miaka yote, Gaines akapandisha sauti. "Ulijua kijana yule ni wetu!"

"Hakuwa wetu. Alikuwa mfukoni mwako."

"Umetuibia, Leland. Umechukua mali ya klabu ukaigawa kwa maadui."

Leland akasimama. Goti lake baya lilimsumbua kidogo, ikabidi ashike meza. "Mimi nilikuwa mzembe, Preston. Nilishindwa kusogeza rafu, na nimekubali mbele ya kila aliyenisikia. Wewe ukauchukua uzembe wangu ukataka kuugeuza wizi, halafu mimi nikushikie mlango. Uzembe ni wangu. Kwenye wizi sina sehemu."

"Acha kitambulisho chako mezani," Gaines akasema.

Leland akakivua shingoni, akakiweka mezani, akachukua koti. Alikuwa ametegemea kwamba akishasema hasira itashuka. Haikushuka, kwa sababu chanzo chake hakikuwa Gaines. Lile swali la Boggs, kama aliwahi kukosea, lilikuwa bado halina jibu, na huko nje kulikuwa na watu wazima waliopimwa na utepe wake ambao hakuna simu ya kuwapigia. Alifika mlangoni akitarajia kuwa mtu angalau angemtazama. Hakuna aliyemtazama. Saa ya zamu yao ilikuwa imeshaanza kuhesabu, na walikuwa na dakika tano za kutafuta mkingaji mwingine.